Kigoma na Ujiji: maswali ambayo wageni wa mwisho wa reli huuliza kila mara

Wageni wengi wanaofika Kigoma huutumia mji kama chumba cha kusubiria boti ya kwenda kwenye sokwe. Wanalala usiku mmoja, wanakula chipsi na kuondoka. Majibu haya ni kwa yule anayetaka kuuona mji wenyewe na anayejilipia safari kwa fedha yake.

Kigoma na Ujiji ni mji mmoja au miwili?

Kwa karatasi ni manispaa moja, Kigoma-Ujiji. Kwa miguu ni miwili, na katikati yake kuna Mwanga, ambako ndiko watu wanakoishi, wananunua na kupiga soga. Kutoka kituo cha reli cha Kigoma hadi Ujiji ni kama kilomita 8, na daladala zinapita siku nzima.

Ujiji ndiye mkubwa kwa umri. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, soko la pembe za ndovu, chumvi, mawese na, kwa masikitiko, watu. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipofika ziwani Februari 1858, walifikia Ujiji, na kipindi hicho Kigoma hakikuwa kitu cha kuandikwa. Kilichougeuza mzani ni reli. Wajerumani walitaka bandari yenye maji ya kina na kinga dhidi ya mawimbi, na ghuba ya Kigoma ilikuwa nayo, wakati ufuko wa Ujiji uko wazi na una maji mafupi. Reli ilipofika mwaka 1914, mizigo ilihamia Kigoma na Ujiji ukabaki na misikiti, miembe na kumbukumbu. Mzee wa Ujiji bado anaweza kukuambia "naenda Kigoma" kama mtu anayesafiri.

Nije mwezi gani?

Watu hutegemea jibu la kalenda, nami nawajibu kwa mwezi wa angani.

Tuanze na kalenda hata hivyo. Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei mwanzoni. Juni hadi Septemba ni kiangazi. Vitabu vya watalii vitakwambia uje kiangazi, na kwa Gombe, hifadhi ya hao sokwe, ni ushauri mzuri maana njia za mlimani hazitelezi. Lakini kiangazi kina mambo mawili ambayo hayasemwi sana. Kwanza, upepo wa kusini unachafua ziwa, hasa kuanzia mchana, na ukiwa kwenye boti ndogo utayakumbuka madhambi yako yote. Pili, moshi wa mbuga zinazochomwa na vumbi hufunika ng'ambo, kwa hiyo milima ya Kongo huioni. Ukitaka kuiona imesimama wazi, njoo msimu wa mvua, toka nje asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, tazama magharibi.

Sasa mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa. Wanatoka na vipe, yale mashua ya kuunganishwa yenye nyavu za kushusha, wanawasha taa, dagaa wanaifuata mwanga na kupanda juu. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, samaki wanatawanyika na wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Hivyo ukija kwenye siku za giza utapata mambo matatu: dagaa wabichi asubuhi, bei ya kuvumilika, na usiku ukikaa mahali pa juu utaona mamia ya taa zimejipanga majini kama mji mwingine umejengwa ng'ambo ya ghuba. Ukija mwezi mpevu utapata wavuvi wanashona nyavu na muuza dagaa mwenye kiburi.

Jambo jingine jipya: mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kama safari yako inaangukia miezi hiyo na samaki ndio sababu ya kuja, uliza kwanza kama ziwa limefungwa mwaka huo.

Kwa nini jua linachelewa kuzama?

Kwa sababu saa ni ya Dar es Salaam na jua ni la Kigoma. Tuko magharibi kabisa ya nchi, tofauti ya karibu dakika 40 kwa mwendo wa jua. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi bado kuna utusitusi, na jioni saa moja bado mwanga upo. Hili lina maana kwa mfungaji: futari ya huku inachelewa kuliko ya Dar, usije ukafungulia kwa adhana ya redio. Lina maana pia kwa mpiga picha, kwani machweo nyuma ya milima ya Kongo si ya kuharakisha. Tafuta nafasi upande wa Bangwe au mwinuko wowote unaotazama ghuba, uwe umekaa kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni.

Treni, basi au ndege?

Inategemea unachokimbilia. Ndege kutoka Dar ni ya mtu mwenye siku chache, na uwanja hauko mbali na mji.

Basi siku hizi si adhabu kama zamani. Lami imefika sehemu kubwa, upande wa Tabora na upande wa Kasulu, Kibondo na Nyakanazi kwa wanaotoka Mwanza. Mabasi huondoka alfajiri, na stendi ni Masanga, si mjini. Panga usafiri wa kufika stendi tangu usiku, maana bodaboda wa saa kumi alfajiri anajua huna chaguo.

Treni ya reli ya zamani, ile ya karibu kilomita 1,250 kutoka Dar, inakula siku moja na nusu hadi mbili, na pengine zaidi ikiamua. Nasema hivyo kwa mapenzi. Kama una muda, panda angalau upande mmoja. Chukua behewa la kulala kama mfuko unaruhusu, weka tiketi mapema kwa sababu haiondoki kila siku, na beba shuka, maji na kufuli dogo. Chakula hakitakusumbua: kila kituo kinakuja dirishani na bidhaa yake. Asali nunua Tabora, ila onja kwanza. Baada ya Kaliua wengi hulala, na ni kosa, kwa sababu ukishafika upande wa Uvinza na bonde la Malagarasi ndipo nchi inapobadilika sura.

Tangu 2024 SGR, yaani treni ya umeme ya reli mpya, inachukua abiria kati ya Dar na Dodoma, kwa hiyo wapo wanaokwenda nayo hadi Dodoma kisha wakaunganisha. Inawezekana, mradi uhakikishe siku ya kuunganisha kabla hujakata tiketi ya kwanza. Kipande cha Tabora hadi Kigoma kinajengwa.

Kweli nahitaji kitambulisho ndani ya nchi yangu?

Ndiyo. Beba cha NIDA, au namba yako pamoja na kitambulisho kingine. Kigoma ni mkoa wa mpakani, una kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, na maafisa wa uhamiaji hupanda kwenye mabasi kuuliza. Sisi wenyeji tumezoea, hata kama hatujaridhika. Mgeni ajibu kwa utulivu, aonyeshe karatasi, safari iendelee. Raia wa kigeni abebe pasipoti yenyewe; nakala kwenye simu haitoshi kila mara.

MV Liemba bado ipo? Naweza kuipanda?

Ipo. Kuipanda ni habari nyingine: katika miaka ya karibuni meli hii imetolewa kwenye safari ikingoja na kufanyiwa matengenezo makubwa, kwa hiyo usipange kwenda Kasanga, au Mpulungu huko Zambia, kwa kutegemea ratiba uliyoisoma mahali. Ulizia bandarini ukiwa mjini.

Lakini hata kama hutaipanda, ijue. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar kwa bahari na kuja huku kwa reli. Iliunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikawa meli ya vita ya Wajerumani ziwani. Vita vilipowageukia, Julai 1916, waliizamisha wenyewe. Na hapa ndipo mafundi wanapostahili sifa: kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito, kana kwamba wanajua kuna siku mtu ataihitaji. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, alilisikia upande wa kusini. Ilibeba abiria, dagaa, mananasi na wakimbizi kwa miongo mingi.

Ukitaka kuitazama usiingie bandarini na kamera. Omba ruhusa getini, au itafute kwa macho kutoka majini ukiwa kwenye boti.

Makumbusho ya Livingstone kule Ujiji yanafaa, au ni mnara tu?

Yanafaa ukienda na matarajio sahihi na ukimpata mwongozaji mzuri. Ukienda peke yako ukapiga picha na kuondoka, utakuwa umeona mnara wenye ramani ya Afrika iliyokatwa msalaba, na miembe miwili. Mwembe wa awali ulikwisha kufa. Iliyopo inasemekana imetokana na vipandikizi vyake.

Kisa kila mtu anakijua: Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871. Vitabu vingi vinataja 10 Novemba, ingawa shajara za wawili hao hazilingani kwa tarehe. Salamu maarufu ya Stanley nayo ina mashaka, kwa sababu ukurasa wa shajara yake wa siku ile ulichanwa. Ninachopenda mgeni akiulizie ni wale ambao mnara hauwataji kwa herufi kubwa. Aliyemlaki Stanley kwanza, kwa mujibu wa Stanley mwenyewe, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyemsabahi kwa Kiingereza katikati ya kundi la watu. Baada ya Livingstone kufa mwaka 1873, Susi na mwenzake aliyeitwa Chuma walikuwa miongoni mwa waliobeba mwili wake hadi pwani. Mwongozaji akizungumzia wazungu wawili pekee, muulize kuhusu hao.

Muulize pia kwa nini ziwa liko mbali na mwembe. Wakati ule maji yalikuwa juu zaidi, yakazidi kupanda, na kunako mwaka 1878 yakapasua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo, kiwango kikashuka na ufuko ukarudi nyuma. Na ndio hao hao, Livingstone na Stanley, waliopanda mtumbwi kwenda kaskazini kuangalia kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia, na ndoto ya kwamba hapa ni chanzo cha Nile ikapata pigo.

Nenda asubuhi. Mchana jua la pale halina huruma.

Nikishatoka kwenye makumbusho, Ujiji kuna nini kingine?

Kuna Ujiji. Shuka kwa miguu hadi ufukweni uone mafundi wanavyounda mashua kwa shoka, tezo na misumari, mbavu za mbao zimesimama mchangani. Wasalimie kwanza, ongea, kisha ndipo uombe picha. Wapo watakaotaka chochote kidogo na hilo si kosa.

Ukipanda kurudi, usikimbilie daladala. Ingia mitaa ya ndani. Ujiji ni mji wa Kiislamu na wa kuchanganyika: Waha, Wamanyema waliokuja kutoka Kongo kwa njia za misafara, Wabwari, Wabembe, Waarabu, Warundi. Ndiyo maana Kiswahili cha huku kina mwendo wake, na ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukujibu kwa lugha tatu kabla hujamaliza swali. Barazani pakiwa na birika la kahawa, ketisha miguu. Wazee wa Ujiji hawahitaji kuulizwa historia, wanahitaji msikilizaji asiyetazama saa.

Njia hii nzima ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Usitarajie mabango. Mengi ya unayoyatafuta ni nyumba za watu zenye watu ndani.

Stesheni na ile Nyumba ya Kaiser?

Stesheni ya Kigoma ni jengo la Kijerumani, kubwa kuliko mahitaji ya mji wa wakati ule, na linapendeza zaidi asubuhi ya siku ambayo treni inaingia, watu wamejaa na magunia yao. Nyumba inayoitwa ya Kaiser iko juu ikitazama ziwa na hutumika kama ikulu ndogo, kwa hiyo huingii kwa hamu yako. Kuna simulizi kwamba chini yake kuna handaki linalofika ziwani, au stesheni, kutegemea nani anasimulia. Furahia simulizi.

Na Che Guevara?

Alipita. Mwaka 1965 mwanamapinduzi huyo alivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo, na Novemba mwaka huo huo akarudi kwa njia hiyo hiyo, mambo yakiwa hayakwenda. Hakuna alama ya kutembelea niwezayo kukuelekeza.

Picha naruhusiwa kupiga wapi?

Epuka bandari, majengo ya jeshi na polisi, na vyombo vya doria. Stesheni, omba. Mialoni, omba wenye samaki, hasa akina mama wanaoanika. Kuna waliochoka kupigwa picha wameinama.

Nile nini, na wapi?

Mgebuka. Kama una mlo mmoja tu, uwe mgebuka mbichi wa kuchoma au wa mchuzi uliopikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Ni samaki mwembamba mrefu, nyama laini, miiba michache. Kuhe ni mkubwa na mtamu zaidi kwa maoni ya wengi, lakini huadimika, ukimkuta usijadili. Dagaa wabichi wa asubuhi wakikaangwa na nyanya kidogo hawahitaji sifa zangu. Pembeni agiza sombe, yaani kisamvu, na hakikisha kimepikwa kwa mawese. Maharage ya mkoa huu pia ni ya kuheshimu, hasa yakitoka Kasulu.

Tumbo lisilozoea mawese litashtuka kidogo siku ya kwanza. Anza na sahani ndogo.

Wapi? Mama lishe wa Mwanga na wa karibu na mialo wanawazidi wenye vitambaa vya meza, ilimradi uwahi. Mchana saa saba kilichobaki ni mkia. Hotelini samaki huletwa baada ya saa nzima, ila una mandhari ya kukufariji. Maji kunywa ya chupa au yaliyochemshwa. Kipindupindu hakiogopi mtalii.

Nitajuaje kama dagaa ninaonunua ni wazuri?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kwa haki, kwa sababu dagaa wa Kigoma ni ghali na ndiyo zawadi inayotegemewa na kila uliyemuaga nyumbani.

Anza na namna walivyoanikwa. Wapo wa chanja, walioanikwa juu ya kitanda cha wavu au fito, na wapo wa mchangani. Wa mchangani ni wa bei ya chini na watakuletea meno mabovu. Usitegemee maneno ya muuzaji: chota kiganja, sugua taratibu, fungua mkono. Mchanga ukibaki, umepata jibu. Wengine huwatia wachache kwenye bakuli la maji na kutazama kinachozama.

Kisha rangi. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, kichwa kipo, tumbo halijapasuka. Akiwa na umanjano, mafuta yake yameanza kuharibika, utausikia uchungu kooni. Vunja mmoja: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado ana maji na atavunda njiani. Msimu wa mvua uwe mkali zaidi, maana jua linakosekana na wengi hawakauki sawasawa.

Usiwachanganye na dagaa wa Ziwa Victoria. Ni samaki tofauti kabisa. Hawa wa Tanganyika ni jamaa wa samaki wa baharini walioishia kwenye maji baridi, ndiyo maana wana mafuta na utamu ule. Ukiuziwa Kigoma dagaa wadogo wembamba wenye uchungu, umeuziwa mgeni mwenzako.

Wa jumla nunua mwaloni, Kibirizi au Katonga, asubuhi. Wachache nunua soko la Mwanga, bei itakuwa juu kidogo lakini utachagua kwa utulivu. Kupunguziwa kupo, ila si kwa kukejeli mali ya mtu. Mwambie "nipunguzie mama, natoka mbali", ukae kimya. Na uulize kipimo kabla ya bei, kwa sababu kuna kilo na kuna kopo, na makopo hayafanani.

Naweza kuogelea ziwani?

Maji yanavutia kweli, ni angavu kuliko unavyodhani maji ya ziwa yanaweza kuwa. Hili ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470, na lina urefu wa kilomita zipatazo 670. Lakini kichocho kipo, hasa karibu na vijiji, matete na maji yaliyotulia. Mamba nao wapo sehemu nyingine. Ogelea mahali penye mawe na maji yanayosogea, mbali na makazi, na umuulize mwenyeji wa ufuko huo huo, si wa mtaa wa pili. Wengi huenda ufuko wa Jakobsen, kusini upande wa Katonga, ambao una kiingilio na utulivu. Beba miwani ya kuogelea: samaki wadogo wa rangi wa kwenye mawe, ambao dunia huwanunua kufugia kwenye vioo, wako pale bure miguuni pako, na spishi nyingi kati yao hazipo ziwa jingine lolote.

Ramani za fukwe zisikudanganye. Ziwa lilipanda sana miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, likameza sehemu za ufuko, nyumba na hata maeneo ya bandari. Ufuko uliouona kwenye picha ya zamani huenda sasa uko chini ya maji.

Gombe: boti ya abiria au ya kukodi?

Hifadhi iko karibu kilomita 16 kaskazini mwa mji na haina barabara. Boti za abiria huondoka mwalo wa Kibirizi mchana kwenda vijiji vya kaskazini na zitakushusha Gombe. Ni rahisi kwa bei, zimejaa watu, magunia na kuku, na zinachukua saa kadhaa. Kwa kuwa huondoka mchana na kurudi asubuhi, lazima ulale hifadhini. Boti ya kukodi hukupeleka na kukurudisha siku hiyo hiyo, lakini bei yake inaeleweka mkiwa kundi. Kwa vyovyote, vaa jaketi la uokozi. Likiwa halipo, usipande, hata kama mwenye boti atacheka.

Sokwe hawakai sehemu moja, unaweza kuwapata baada ya dakika ishirini au baada ya saa nne za mlima mkali. Ukiwa na mafua, sema ukweli: magonjwa yetu yanawaua. Malipo ya hifadhi si ya taslimu, na Mtanzania analipa kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo kisingizio cha gharama kipungue. Usiache chakula nje wala mlango wazi, nyani wa ufukweni wanajua kufungua mikoba.

Jane Goodall alifika hapa Julai 1960, na utafiti alioanzisha unaendelea ingawa mwenyewe alifariki 1 Oktoba 2025. Ni hapa alipoona sokwe wakichovya majani kwenye kichuguu kuvua mchwa, na wanasayansi wakalazimika kukubali kwamba si binadamu pekee atumiaye zana.

Na Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe? Nzuri kupita maelezo, kubwa zaidi, na iko mbali kusini, karibu kilomita 130. Ni safari ya peke yake, usiibane kwenye siku mbili.

Nivaeje na nisalimieje?

Ujiji na sokoni funika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake. Ufuko wa kulipia ni wako. Mwezi wa Ramadhani kula hotelini au ndani, si ukitembea mtaani.

Salamu zisifupishwe. "Shikamoo" kwa kila aliyekuzidi, halafu habari za safari, za nyumbani, za kazi, ndipo shida yako. Ukimwambia Muha "mwakeye" asubuhi au "mwidiwe" mchana, utacheka naye na huenda bei ikalegea.

Naweza kuvuka kwenda Burundi au Kongo?

Watu huvuka kila siku, na konseli za nchi zote mbili zipo mjini. Burundi unaweza kupita kwa barabara kupitia Manyovu. Kongo ni kwa maji. Fuatilia hali ya usalama wiki hiyo hiyo, si ya mwaka jana, na usivuke na boti ya mizigo isiyopitia uhamiaji kwa sababu tu nahodha amekuhakikishia.

Jioni kuna nini?

Mpira, kama Mashujaa wanacheza nyumbani Uwanja wa Lake Tanganyika. Simba au Yanga wakija, nunua tiketi mapema na uweke simu mfuko wa mbele. Siku nyingine ni kuchoma samaki, kahawa, na kulala mapema.

Nilale upande gani?

Ukitaka ziwa, Kigoma mjini na upande wa Bangwe. Ukitaka bei nafuu, chakula na daladala, gesti za Mwanga. Popote utakapolala, uliza kama kuna maji bombani na ndoo ya akiba. Umeme ukikatika, muulize mhudumu kama jenereta lipo kabla hajapokea fedha, si baada.

Mawese naweza kusafirisha kwenye basi?

Unaweza, na wengi wanafanya hivyo, ndiyo maana sakafu za mabasi ya huku zina rangi ile. Nunua kwenye dumu jipya la mfuniko wa skrubu, weka nailoni chini ya mfuniko kabla ya kufunga, kisha liingize dumu zima kwenye mfuko mwingine na lisimamishwe, lisilazwe. Andika jina lako kwa kalamu nzito. Ndani ya ndege yana masharti, uliza shirika lako. Ukifika Mbeya, Arusha au Njombe utakuta yameganda na kuwa mazito. Hayajaharibika: liweke dumu juani au kwenye beseni la maji ya moto, yatarudi.